Jina la Nne

Giza lilikuwa linaingia mtaani Waithaka na Naliaka alikuwa anaanua nepi haraka haraka, maana nguo za mtoto mchanga hazilali nje, na mtoto mwenyewe yuko mgongoni analia. Siku ya tatu hiyo. Hanyonyi, halali, na zahanati wamempima wakasema mzima. Naliaka alikuwa amechoka mpaka vibanio vinamponyoka vidoleni.

Kwa kina Jackton, mumewe, mtoto akilia hivyo anadai jina la marehemu. Anatajiwa wazee waliokufa, mmoja mmoja. Likifika lake, ananyamaza. Basi Jackton, aliyekuwa kibaruani Kitale, alikuwa amemtumia majina kwa sauti, kupitia ile programu ya simu ambayo Ravneet, mwajiri wa Naliaka kule Kitisuru, aliwawekea ili wapunguze kugombana. Ukisema, inashikilia maneno yako saa nzima, inakurudishia uyasikilize, inakuuliza kama bado unayataka. Ndipo iyatume. Na kimya chako haikikati.

Akaingia ndani, akampakata mtoto kitandani, akabonyeza ujumbe.

"Nabalayo," sauti ya Jackton ikasema, polepole.

Kilio.

"Khalayi."

Kilio.

"Namalwa."

Kilio... kisha kimya kirefu cha simu, na harufu ya udongo mbichi, kama shimo limechimbwa pale pale chini ya kitanda.

"Nasambu."

Mtoto akanyamaza.

Naliaka akalirudia mara tatu, kama inavyotakiwa, machozi yanamtoka. Mtoto akashika titi. Akampigia Jackton.

"Baba Nasambu! Ananyonya!"

"Baba nani?"

"Nasambu. Si ndilo ulimalizia?"



"Naliaka, mimi nilitaja matatu. Nikasikiliza tena kabla haijatuma. Matatu." Akashusha sauti. "Huyo kwetu hatajwi. Alimaliza watoto wa boma zima, huyo... Mtoe titi. Mtajie lingine kabla hajashiba!"

Akamtoa. Kilio kikarudi, kikali kuliko mwanzo.

"Namalwa," akasema. "Khalayi, basi. Khalayi, mama..."

Mtoto akakosa pumzi. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Usilitaje!" Jackton akapaza sauti. "Unanisikia? Usilitaje!"

Siku tatu. Hakuwa amebaki na nguvu hata ya kuogopa.

Akainama sikioni mwa mwanawe.

"Nasambu," akanong'ona. "Nyonya ulale."

Mtoto akashika titi, akafumba macho. Chumba kikatulia.

Kwenye simu, Jackton alikuwa anahema.

"Naliaka... nani huyo ameitikia?"