Siku ya Pili ya Safari

"Umetoka nyumbani lini?"

Fundi sofa alikuwa na misumari midomoni, nusura aimeze. Mlangoni pa karakana alikuwa amesimama mkewe, msusi, aliyemwacha mji wa mbali kule mwisho wa barabara. Begi begani, na jua bado halijazama.

"Leo asubuhi."

Fundi akaitema misumari kiganjani. Tangu wafunge ndoa alikuwa akimwambia safari ni siku mbili, basi hulala njiani. Zamani ilikuwa kweli. Kisha lami ikafika, mabasi yakaanza kuingia siku hiyo hiyo, naye akauchuna, asimwambie mkewe.

"Majirani walinicheka niliposema safari yako ni siku mbili," mkewe akasema. "Nikawaambia mume wangu anapanda basi bovu, ndiyo maana linalala. Nakutetea mbele za watu! Na zile meseji zako, 'Tumelala porini mke wangu, mbu wanatumaliza.' Ukifika nakukanda miguu kwa maji ya moto. Miguu hiyo ilikuwa imetoka wapi?"

"Gesti," fundi akajibu akiangalia sakafu. "Pale pale karibu na stendi ya kwetu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Usinifanye mtoto. Piga simu, weka spika."

Akapiga. Mama wa gesti akapokea kwa bashasha.

"Mzee wa usingizi! Nikuwekee chumba chako?"

"Mama, eti huwa... huwa nakuja na nani?"

"Na nani tena? Na shuka! Unalala mpaka nagonga mlango nikidhani umekata roho."

Fundi akakata simu, akashusha pumzi akidhani yameisha. Mkewe akajitupa kwenye sofa la mteja, machozi yakamtoka.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke. Ningejua wa kumchukia. Kumbe unayemkwepa ni mimi."

"Si wewe. Nikitua begi tu, bomba limepasuka, shemeji ana kesi, mama mkwe anauliza mbona nimekonda. Nilitaka siku moja nisiulizwe kitu. Nakupenda, mke wangu. Nilichoka tu."

"Na mimi je? Bomba hilo, kesi hiyo, mama huyo, nakaa nao mwaka mzima. Gesti yangu mimi iko wapi?"

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikio yakawaka moto. Alipiga magoti, akamvua viatu, akamwekea mto.

"Lala. Hapa hakuna wa kukuuliza kitu."

"Nilikuja kujua kama bado nina mume."

"Unaye. Mwongo, lakini unaye."

Mkewe akacheka bila kutaka, akageukia ukutani. Haukupita muda simu yake ikaita. Fundi akaiwahi.

"Shikamoo mama. Ni mimi, mkweo. Mwanao kapumzika, la nyumbani niambie mimi."

"Marahaba. Maji yamejaa sebuleni! Anarudi lini?"

"Atabaki huku kwanza, alale. Nakuja mimi. Kesho jioni nitakuwa hapo."

"Kesho? Si huwa siku mbili?"

Angeweza kusema kuna basi jipya. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Ni siku moja, mama. Imekuwa moja muda wote huu. Nilikuwa nawadanganya."

Alipogeuka, mkewe alikuwa amefumbua macho, anamtazama.