Saini Tatu za Mkufunzi

"Siendi, mama! Hata ukinifukuza nyumbani, leo siendi!"

Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sare yake ya uuguzi imeshapigwa pasi. Mama alisimama mlangoni, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Umesoma uuguzi miaka mitatu, una wiki tano tu kazini, leo unaikimbia wodi? Unaogopa nini, harufu ya dawa?"

"Hujui chochote, mama."

"Basi niambie nijue! Mimi sipigi ramli."

 Mimi nilikuwa sakafuni na kitabu cha hesabu, nikijifanya nasoma. Mimi nilijua.

Kila muuguzi mpya hospitalini alipewa kijitabu cha mafunzo. Mkufunzi wa zamu alimtazama akifanya kila kazi mara tatu, na kila mara akatia saini. Kabla saini hazijatimia, huruhusiwi kuifanya kazi hiyo peke yako. Dada alijaribu kuweka dripu mara moja, akakosa mshipa, mgonjwa akapiga ukelele. Tangu siku hiyo, zikitajwa dripu, yeye alikimbilia kutandika vitanda. Chuoni alizoea mkono wa plastiki, na mkono wa plastiki haulii.

Wiki iliyopita aliniomba nimsaidie, kwa kuwa mimi hodari wa kuiga miandiko. Niliweka saini tatu za mkufunzi wa zamu ya usiku, zenye mkia uliojikunja, nikajiona fundi. Sasa mkufunzi wa mchana alikuwa amekisoma kijitabu, akaamini mwenzake ameshamwona, akampanga peke yake wodi ya watoto, kuanzia saa nane mchana.

"Inuka uvae!" mama alifoka.

Dada alianza kulia.  Nikisema, dada atafukuzwa kazi. Nikinyamaza, mtoto mdogo kuliko mimi atachomwachomwa sindano ovyo. Sikuona pa kutokea.

"Mama," nikasema, "dada hajui kuweka dripu. Saini niliziweka mimi."

"Mbea wewe!" dada alinigeukia. "Nilikuamini!"

Mama hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaa taratibu.

"Nyinyi wawili mmeniweza," alisema. Kisha akachukua simu ya dada, akamtia mkononi. "Mpigie mkufunzi aliyekupanga. Weka sauti ya nje, tusikie sote."

Dada alieleza yote, sauti ikimkatika.  Upande wa pili, mbali kidogo na simu, mtoto alikuwa akilia.

"Mwanangu," mkufunzi alisema hatimaye, "mimi dripu yangu ya kwanza iliponishinda nilijificha chooni nusu saa. Kushindwa si kosa. Ndiyo maana nipo karibu yako, nikufundishe. Lakini umenifanya nikukabidhi watoto wa watu bila kujua kwamba huwezi. Saini ile inamwambia mzazi kwamba kuna mtu aliyekuona kwa macho yake ukiweza."

"Nitafukuzwa?"

"Sijui. Ataamua muuguzi mkuu, na nitamweleza ukweli. Leo hugusi sindano. Utasimama kando yangu utazame. Huyo mdogo wako yupo?"

"Nipo. Shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba. Mkono wako uandike jina lako tu."

Simu ikakatika. Dada alivaa sare. Kisha alifungua kijitabu juu ya kitabu changu cha hesabu, akanipa kalamu.

"Uliziweka wewe. Zikate wewe."

Nilipiga mstari juu ya saini ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Dada alikitia kijitabu mkobani, akatoka kwenda kazini bila kuniaga.