Kilo Tisini za Babu Engelbert

Kila siku Rosina akirudi shuleni alivua buti mlangoni, akanawa mikono, akapanga sahani mezani. Lakini siku hizi sahani hazikuwa na pa kukaa. Ilikuwa wiki ya tatu sasa meza ya jikoni imegeuka ofisi ya baba yake, Ruprecht: kompyuta huku, ramani ya milima kule, na katikati supu ya vipande vya chapati ikipoa. Likizo ya Februari ilikaribia, na familia nzima ilikuwa inapanda hadi Hinterkar, kijiji cha milimani, kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Kwenda si kazi. Kupanga ndiko kulikomtoa baba roho.

"Dada yangu Traudi kabadilisha tena!" alifoka. "Jumatatu alitaka chumba kinachotazama mlima. Jumanne akasema upande ule una jua kali. Leo anauliza kwa nini mlima uko mbali na kituo cha treni. Kwani mimi ndiye niliyeuweka pale?"

"Kula kwanza, Ruprecht," mama alisema.

"Nile nini? Supu yenyewe imeshakuwa barafu!"

Rosina, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliendelea kula. Katika pilikapilika zote hizo yeye alikuwa amepewa kazi moja tu: kujaza fomu ya Bwana Stocker, mwenye duka la kukodisha skii kule Hinterkar. Kwa kila mtu ilitakiwa namba ya kiatu, kilo, urefu, umri, na kama ni bingwa, wa kati, au ndiyo kwanza anaanza. Kazi ndogo ukiisikia. Jaribu uione!

Alipomuuliza kaka yake Xaver, alijibiwa kutoka nyuma ya mlango uliofungwa. "Andika mimi bingwa."

"Kilo ngapi?"

"Kilo za bingwa!"

Shangazi Traudi alicheka kwenye simu. "Mwanangu, mwanamke haulizwi kilo. Anaulizwa ameamkaje." Babu Engelbert, aliyekaa chumba cha chini, ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Nimeteleza milima ile baba yako hajajua hata kujifuta kamasi," alisema, kisha akaongeza sauti ya redio.

Jana yake, Jumatano, siku ya mwisho ya kutuma fomu, Rosina alikuwa amechoka nao. Rafiki zake walikuwa wanamsubiri wakacheze. Akachukua kalamu, akagawa kilo kama anayegawa peremende. Shangazi, hamsini na tano. Xaver, sabini, bingwa. Babu ni mtu mrefu, mwenye mabega mapana: tisini, bingwa. Akaituma, akatoka mbio.

Kesho yake, hiyo Alhamisi ya supu baridi, simu iliita baba akiwa nje anatafuta begi la buti. Rosina akapokea. Alikuwa Bwana Stocker, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebishana na wateja tangu alfajiri.

"Fomu yenu safi, binti! Ya kwanza wiki hii iliyojazwa yote. Jana mtu kaniandikia kiatu chake ni namba 'ya kawaida'. Sasa sikia, skii za babu yako nimeshazikaza. Bingwa wa kilo tisini! Nimekaza kama za fahali."

"Unakaza nini?"

"Vibanio vinavyoshika buti. Mtu akianguka, kibanio kinafunguka, skii inakwenda zake, mguu unabaki salama. Mwepesi namlegezea, mzito namkazia. Nikikaza cha tisini akakivaa mwenye sitini, akianguka hakifunguki ng'o. Linalofunguka ni goti."

Goti la babu lilikuwa limepasuliwa hospitalini. Majira mawili ya theluji babu alikuwa amekaa dirishani akiwatazama wenzake wakiondoka, na safari hii alikuwa amemtangazia hata muuza mikate kwamba anarudi mlimani. Bwana Stocker alikuwa anaaga. Angeweza kumwacha aage.

"Bwana Stocker, subiri! Zile kilo nimezibuni."

"Zote?"

"Za watu watatu. Lakini viatu ni vya kweli. Shangazi alinitajia vyake, vingine nilivitazama mlangoni."

"Lo! Na mimi naisifu!" Bwana Stocker aliguna. "Nipe kilo za kweli kabla ya kesho saa sita mchana. La sivyo babu yako atakaa mkahawani wiki nzima."

Baba aliposikia, alitupa begi chini. "Kazi moja, Rosina! Nimepanga treni, nimepanga vyumba, nimetafuta hadi mtu wa kukaa na mbwa. Wewe nimekupa kazi moja!"

"Niliwauliza wakakataa!"

"Basi ungekuja kuniambia wamekataa! Hilo nalo ni jibu!"

Mizani ya bafuni ikaletwa jikoni. Xaver alipanda huku akinung'unika: kilo hamsini na nane, na ubingwa wake ukashuka ukawa wa kati. Shangazi Traudi alipoambiwa habari za goti alimnong'oneza mama kilo zake kwenye simu, akamwapisha asizitaje. Akabaki babu. Rosina akashuka chini na mizani kwapani.

"Ondoa hicho kidude," alisema babu.

"Niliandika kilo tisini, Babu."

"Vizuri. Ziache hizo hizo."

"Si za kweli!" Machozi ya hasira yalimtoka. "Nimechoka nanyi! Nimedanganya, nimegombezwa, nimekubali kosa. Sasa wewe unataka niandike uongo ule ule mara ya pili, tena juu ya goti lako!"

Babu akazima redio. Akavua sweta lake nene, na ndani ya shati alikuwa mwembamba kuliko Rosina alivyowahi kumwona. Akapanda mizani bila kutazama chini.

"Ngapi?"

"Sitini na nne."

"Kabla ya hospitali nilikuwa na tisini na moja. Hukukosea sana, umechelewa miaka miwili tu." Akashuka polepole. "Sikutaka baba yako ajue. Angesema sifai kwenda."

Rosina alishika kalamu. "Na ubingwa, Babu?"

Babu alivaa tena sweta lake. "Andika ndiyo kwanza anaanza," alisema.

Walipanda pamoja hadi jikoni, na babu mwenyewe akamweleza baba kwamba ana kilo sitini na nne na ataanza upya na wanaojifunza. Baba akajishika kichwa. "Baba, hilo darasa la wanaoanza ni la watoto wa miaka sita!"

"Basi mimi nitakuwa mrefu kuliko wote. Nipe simu."

Bwana Stocker alizipokea kilo zote na kuahidi kulegeza vibanio jioni ile ile. Babu akaweka simu chini, akamgeukia mjukuu wake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nusura niumbuliwe na skrubu ya kibanio. Wewe ulibuni kwa uvivu, mimi nikaficha kwa kiburi, na goti hili ndilo lingelipa. Usilolijua, sema hujui. Unalolijua, liseme hata likikuchoma. Kule juu mlima utaupokea uzito ulio nao, si ule uliouandika."