Kidole Kwenye King'ora

Jumamosi duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu la Singida lilijaa watu hadi mlangoni. Mughwai, kijana mwenye mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, alikuwa amekumbatia bunda la waya kwa fahari.

"Kaka, huo unaupeleka wapi?"

Aligeuka. Dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu, kilemba cha njano na bisibisi mbili mfukoni alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Kwenye alamu ya nyumbani. Ya wezi."

"Huo ni wa pasi, kaka yangu. Mwizi ataingia na shati atanyoosha."

Duka zima lilicheka, na Mughwai akacheka kuliko wote, maana alikuwa ameshakwisha kwa mapenzi. Yule dada aliitwa Loyce, fundi umeme kutoka Nduguti. Jioni hiyohiyo akapigiwa simu na Mughwai kuulizwa habari za waya. Kesho yake akapigiwa tena, habari za waya. Siku ya tatu akapiga yeye: "Bwana waya, leo umenisahau?" Wakapendana miezi saba, simu hazipoi masikioni.

Kisha Mughwai akaharibu. Siku Loyce alipopita kwao, Mama Mughwai aliuliza, "Huyu binti ni nani?" Na huyo bwana, na mdomo wake wote ule, akajibu, "Fundi wa alamu, mama."

Loyce alitabasamu, akaaga kwa adabu, akaenda kulia kwake. Simu hakupokea tena. Alituma ujumbe mmoja tu: "Nitafute ukiwa na kazi."

Wiki tatu baadaye kazi ikapatikana. Panya walitafuna nyaya za alamu, ikawa inalia ovyo mchana kweupe, na Mama Mughwai alikuwa ametoka hospitali juzi kwa presha. Daktari alisema asishtuliwe. Mama akampigia Loyce simu mwenyewe: "Mwanangu fundi, njoo ubadilishe hizi nyaya, ila king'ora kisilie hata kidogo."

Loyce akaja, akamwangalia Mughwai kama anaangalia nguzo.

"Panda ngazi. Nikifungua hili boksi la king'ora, kuna kitufe ndani. Kikiachiwa, kinalia. Kibonyeze mpaka niifikie betri, iko nyuma ya nyaya zote hizi."

"Sawa, mpenzi."

"Fundi."

Loyce akapanda juu ya meza kando yake, karibu kiasi kwamba Mughwai alisikia harufu ya mafuta yake ya nywele. Kifuniko kikafunguka. Kidole kikabonyeza. Kimya! Wote wawili wakashusha pumzi.

"Loyce, kwetu mchumba hatajwi kwa mama kabla shangazi hajajua. Shangazi yuko Itigi. Nilikuwa namsubiri."

"Itigi hakuna simu?"

"Habari hiyo haisemwi kwa simu."

"Mimi ungeniambia, Mughwai. Nililia kwa ajili yako. Shika vizuri. Nikifunga hiki kifuniko, nafuta namba yako."

Mughwai hakuogopa tena king'ora, aliogopa kifuniko. Akahesabu nyaya zilizobaki: nne. Loyce akakata, akamenya, akasokota, akafunga tepu. Tatu. Mbili. Mmoja. Mikono ile aliyoipenda kwa wepesi wake, leo aliiombea uvivu.

"Hodi wenyewe!"

Getini alisimama Shangazi Martha, ametoka kushuka basi, kitenge kipya kiunoni na dumu la asali mkononi, akisubiri kupokewa.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba. Ndiyo nini kunisalimia kutoka juu? Shuka unipokee mzigo!"

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi? Mimi?"

Mughwai akakaza kidole. Kando yake mikono ya Loyce haikusimama. "Nikishuka king'ora kitalia, mama atashtuka. Na nikishuka, huyu ataondoka! Shangazi, anaitwa Loyce. Ndiye ninayetaka kumuoa. Nilitaka nikwambie tukiwa tumekaa, umeshakula kuku, lakini nyaya zinaisha!"

Pazia la dirishani likasogea, kichwa cha Mama Mughwai kikatokeza. "Nilijua tu! Fundi gani anatazamwa vile?"

Shangazi akatua dumu chini taratibu, akamkagua Loyce kuanzia kilemba hadi viatu. "Binti, unamtaka na hii akili yake?"

"Shikamoo shangazi," Loyce alisema, akiinama mezani.

"Marahaba. Sijajibiwa."

"Hata mimi," Mughwai alisema. "Na kidole kimekufa ganzi."

"Kitoe basi," Loyce alisema.

"Kitalia!"

"Betri niliitoa shangazi alipobisha hodi."

"Sasa umenishikisha nini muda wote?"

"Ningekwambia, ungeshuka ukakimbilia dumu, usingenitaja." Macho ya Loyce yalikuwa yamejaa machozi na kicheko kwa pamoja. "Namtaka, shangazi. Hivyohivyo alivyo."

Mughwai akatoa kidole polepole, haamini. Kimya kilidumu kidogo sana. Kigelegele cha kwanza kilitoka dirishani, kikali cha kuwatoa majirani nje, na aliyekipiga ni mgonjwa mwenyewe.