Usukani Upande wa Mtaroni

Fundi aliyepewa jina la Mvunguni aliyajua magari yote ya mtaa ule kwa matumbo yao. Kwa miaka ishirini alikuwa akilala chali chini ya magari, akichungulia springi, shafti na giaboksi. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku moja watapishana njiani na hatamtambua mpaka atazame viatu vyake.

"Juu watu hupaka rangi," fundi alimjibu. "Chini hakuna anayejisumbua kudanganya."

Mke alikuwa na duka dogo la vipuri mbele ya gereji hiyohiyo. Aliuza filta, mikanda, plagi na oili. Asubuhi walifungua pamoja, na jioni walifunga pamoja. Lakini kiwanja hakikuwa chao. Walikipanga kwa bibi mmoja mjane, na mwaka ule bibi huyo aliwaita akawaambia ukweli.

"Wanangu, nimezeeka, nakiuza. Mkiweza kukinunua kabla ya mwisho wa mwaka, nitafurahi. Msipoweza, nitampa mwingine, na huyo mwingine anataka kujenga ghorofa."

Akiba yao ilikaribia bei ya kiwanja, lakini haikufika. Wasipokipata, gereji na duka vingehama, na wateja wa miaka ishirini wangepotea. Ndipo fundi akapata wazo. Wachukue akiba ile, waagize kutoka ng'ambo gari moja la porini, lile refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kisha waliuze kwa faida. Wakandarasi na wenye mashamba waliyatafuta sana magari hayo.

Wiki tatu alikuwa akitazama matangazo kwenye simu. Siku moja akaliona alilolitaka. Bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya mengine. Hakujiuliza kwa nini. Alimwandikia muuzaji amtumie picha za chini. Muuzaji akatuma. Akaomba nyingine. Zikafika picha thelathini na moja za uvungu mtupu, na fundi akazikuza moja moja akitafuta kutu. Hakuiona hata kidogo.

Picha ya ndani ilikuwa moja tu. Mke aliitazama kwa muda.

"Mbona usukani uko kushoto? Magari ya hapa kwetu yote yana usukani kulia."

"Hiyo picha imegeuka," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Simu hizi hugeuza picha. Hata wewe ukijipiga, saa yako inahamia mkono wa pili."

"Si umwulize tu?"

"Nimwulize mtu gari lina usukani upande gani? Ataniona mimi fundi wa namna gani?"

Kwa mambo ya magari mke alimwamini mumewe. Pesa zikatumwa.

Baada ya miezi miwili gari likashushwa bandarini. Wakala akashughulikia karatasi, likapewa namba za muda, na dereva wake akalileta mpaka gereji. Fundi hakusubiri hata salamu ziishe. Alichukua tochi, akatandika kipande cha boksi, akaingia chini.

"Safi," sauti yake ilitoka mvunguni. "Chasisi safi. Difu safi. Mke wangu, kiwanja tumekipata."

Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari.

"Mume wangu, toka huko chini. Njoo uone huku juu."

Fundi akatoka, vumbi limejaa nywele. Akafungua mlango wa kulia, akapanda, akanyoosha mikono kushika usukani. Mikono ikashika hewa. Mbele yake palikuwa na kidroo cha kuwekea karatasi. Usukani ulikuwa kule upande wa pili, umetulia zake. Akakifungua kile kidroo, akakifunga.

"Kumbe picha haikugeuka," alisema mwishowe.

"Haikugeuka," mke akasema. Kisha akarudi dukani, na hilo lilimuuma fundi kuliko kugombezwa.

Lakini fundi ni mtu wa kujipa moyo. Alisema gari ni gari, mnunuzi hali usukani. Kesho yake wakaondoka wote wawili kwenda kulionyesha kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa na hamu nalo. Nchini kwao watu huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo fundi, akiwa kwenye kiti cha kushoto, alikaa pembeni kabisa, karibu na mtaro. Mkewe ndiye aliyekaa upande wa katikati ya barabara.

Njiani wakakuta lori la mchanga likijikongoja. Fundi akataka kulipita. Alijaribu kuchungulia, akaona matako ya lori tu.

"Niangalizie huko," akamwambia mkewe. "Kuko wazi?"

"Kuko wazi. Ngoja. Kuna kitu."

Neno "ngoja" lilimkuta fundi ameshatoka. Basi lilikuwa linakuja moja kwa moja, taa zinawaka mchana. Fundi akakata usukani kurudi nyuma ya lori. Basi likapita upande wa mke, karibu kiasi cha kung'oa kioo cha pembeni. Kioo kilidondoka barabarani, na honi ya basi ikaendelea kulia mpaka ikapotea.

Fundi akasimamisha gari. Mke alitazama pale kioo kilipong'oka.

"Nimekiona kifo," alisema. "Nimekiona kabla yako, maana kilikuja upande wangu. Na mimi sijui hata kuendesha baiskeli."

Fundi aliogopa kama hajawahi kuogopa. Miaka ishirini alikuwa amefanya kazi chini ya jeki, na hakuna siku aliyokaribia kuua mtu. Leo alikaribia kumwua mkewe. Waliendelea na safari polepole, nyuma ya lori lilelile, mpaka mwisho.

Mkandarasi alilizunguka gari mara moja. Alisifu tairi, akasifu bodi, kisha akafungua mlango.

"Ah, fundi. Usukani huu uko mtaroni. Vijana wangu watauana nao. Nikuonee huruma nikupe nusu ya bei?"

Nusu ya bei isingerudisha hata akiba yao. Wa pili, mwenye shamba, hakutaka hata kulijaribu. Wa tatu aliuliza kwa simu swali moja tu, usukani uko wapi, kisha akakata. Fundi alipigwa na butwaa. Gari zima, injini nzima, na hakuna anayelitaka.

Jioni kaka yake mke akafika. Huyu ni fundi wa kuchomelea, na mikono yake haikosi kazi.

"Shemeji, unalia nini? Tunauhamisha usukani. Tunatoboa huku, tunaziba kule, tunaunga shafti kwa welding. Siku nne tu. Tunapaka rangi, nani atajua?"

Fundi alivutwa. Mwisho wa mwaka ulikuwa umekaribia, na kazi yenyewe aliiona inawezekana. Alikuwa ameshachukua chaki achore pa kukata. Mke alipoona chaki, alivuka barabara haraka kwenda kumwita jirani yao. Jirani huyo alikuwa mkaguzi wa magari kwenye kituo cha ukaguzi, mama mpole lakini asiyezunguka maneno.

Mkaguzi alilitazama gari, akatazama chaki.

"Fundi, hiyo chaki ni ya nini?"

"Tunahamisha usukani, jirani."

"Weka chini kwanza. Nikuulize. Usukani umeshikana na nini?"

"Shafti, boksi la usukani, vyuma vya kugeuzia magurudumu."

"Na nini tena?"

Fundi akafikiri. "Pedali ya breki. Waya za dashibodi. Na huku kulia kuna ekzosi, inabidi ihamishwe."

"Umeshajijibu. Kiwandani mambo hayo yalipimwa kabla gari halijatoka. Hapa nani atapima? Shafti iliyoungwa kienyeji inaweza kukatika kwenye kona. Na hata isipokatika, nikiliona kituoni silipitishi. Bima nayo ikijua, hailipi."

Shemeji akakohoa. "Lakini mama, likiuzwa hivihivi ni hasara."

"Ni hasara hapa," mkaguzi akasema. "Sikilizeni. Usukani unatakiwa uwe upande wa katikati ya barabara, ili dereva aone mbele anapotaka kupita. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo usukani wetu uko kulia. Wanaoendesha kulia, usukani wao uko kushoto. Hata taa za mbele hutengenezwa hivyo. Hizi zenu zinamulika kuelekea kwa anayekuja, zinampofusha. Abiria naye wa mbele anashukia katikati ya magari. Mnunuzi anayajua yote hayo, ndiyo maana anashusha bei au anakimbia."

"Kwa hiyo lilikuwa rahisi kwa sababu hiyo," fundi akasema taratibu.

"Rahisi ghali. Tena kuna nchi zinazokataa kabisa kusajili gari la usukani usio wake. Nyingine zinaruhusu kwa kibali maalumu. Ulitakiwa kuja kuuliza kituoni kabla ya kutuma pesa. Kuuliza ni bure, na ofisi yangu iko hatua mia mbili kutoka gereji hii."

Fundi akaangalia chini. Aliona aibu, na alistahili kuiona.

"Sasa tufanyeje?" mke akauliza.

"Umeshalisajili?"

"Bado. Lina namba za muda. Zimebaki siku kumi na nane."

"Basi hamjafungiwa mlango. Nchi jirani wanaendesha kulia. Kwao hili ndilo gari halali. Nendeni kwa wakala wenu, mmwombe karatasi za kulitoa nje ya nchi. Msidanganye chochote. Mtangazieni mnunuzi wa kule, mwonyesheni usukani wazi."

Kesho yake mke mwenyewe ndiye aliyepiga picha. Alipiga ndani, mbele na pembeni, na kwenye dashibodi aliweka kopo la oili lenye maandishi yanayosomeka, ili asiwepo mtu wa kusema picha imegeuka. Karatasi zilichukua siku sita. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa nchi jirani akajibu. Kwao barabara zilikuwa mbovu, na gari kama hilo alikuwa amelitafuta muda mrefu.

Wakafunga kioo kipya, wakaenda mpakani polepole, na njia nzima fundi hakulipita hata trekta. Baada ya kizuizi, magari yote yalihamia upande wa kulia. Fundi naye akahamia. Akakuta yuko katikati ya barabara, anaona mbele mpaka mwisho wa mteremko. Mbele yao kulikuwa na lori. Alichungulia kidogo, akaona kweupe, akalipita bila kumwuliza mtu.

"Gari lilelile," alisema kwa mshangao. "Mke wangu, ni lilelile."

"Sasa mimi ndiye ninayeona majani tu," mke akasema. "Lakini sina haja ya kuona."

Mfanyabiashara hakupunguza bei. Faida haikuwa kubwa kama walivyoota, maana karatasi na safari vilikula sehemu yake. Lakini akiba ilirudi nzima, na kilichozidi kikaziba pengo la kiwanja. Siku kumi na moja kabla ya mwaka kwisha, bibi alitia dole gumba kwenye hati, akawaombea heri. Kiwanja kikawa chao.

Tangu hapo fundi huanza na kiti cha dereva kabla ya kulala mvunguni. Mtu akileta picha ya gari la ng'ambo, swali lake la kwanza ni lile aliloona aibu kuuliza. La pili ni kama mtu huyo amefika kituo cha ukaguzi.

Mwezi wa tatu wa mwaka mpya, mteja mgeni alileta gari la porini. Alisema linavuta kidogo upande mmoja. Usukani ulikuwa kulia, rangi inang'aa. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva kwanza, akaona dashibodi haikukaa sawa. Akaingia chini na tochi. Hakutoka haraka. Alipotoka, alimwita shemeji yake kwa sauti ndogo.

"Lala hapo. Tazama shafti."

Shemeji akalala, akatazama. Palikuwa na kiungo cha welding, kimepakwa rangi nyeusi. Ufa ulikuwa umekizunguka karibu wote. Kilichobaki kushika hakikuzidi upana wa ukucha.

"Shemeji," alisema kutoka chini, "kiungo hiki ningekichomelea mimi siku ile ya chaki. Hivihivi, kama kilivyo."

Saa kumi mteja akarudi. Aliomba ufunguo, akasema ana haraka. Fundi hakumpa. Alimshika mkono, akamwinamisha, akamwonyesha ule ufa kwa tochi, kisha akamweleza gari litatoka hapo kwa kuvutwa tu.

Mteja akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi.

"Asubuhi ya leo," alisema, "nimepeleka watoto shule nalo. Wangu watatu, na wawili wa jirani."

Mke akatoka dukani na kikombe cha maji, akampa anywe.