Hajawahi Kuwepo

Rafu ya dirishani ilianza kunuka nywele mbichi siku ileile vitabu vyake vilipoondolewa. Mkubwa wa maktaba alidai vina maneno machafu, akavifungia stoo, kisha akamwambia mkutubi, "Mtu akiuliza kitabu, usiseme kimeondolewa. Utatuletea maneno. Sema hakijawahi kuwepo."

Mkutubi hakubisha. Alikuwa mjane, nyumbani hana hata wa kumwambia pole na kazi. Na mumewe walikutana humohumo maktabani, bwana akisoma kwenye kiti cha dirishani, na hata baada ya kumzika alikifuta kiti kile kila asubuhi na kukisalimia. Cheka ukitaka. Upweke huo usikupate.

Basi watu wakawa wakiuliza, naye akijibu: hakijawahi kuwepo. Ulimi ukazoea. Na jini, jamani, hupenda penye nafasi tupu.

Mchana mmoja wa mvua aliingia mama aliyejitanda khanga, miguu yake mikavu kabisa. Akataja kitabu.

"Hakijawahi kuwepo."

"Na yule bwana aliyekuwa akikisoma pale dirishani?"

Mkubwa alikuwa amesimama karibu, masikio wazi. Mkutubi akaropoka, "Hajawahi kuwepo."

Lo! Heri angejing'ata ulimi. Alipoinua macho, mama hayupo, harufu ile ya nywele tu imejaa. Jioni nyumbani akaikuta picha ya harusi ina bibi harusi peke yake, ameegemea hewa. Akampigia simu dada wa marehemu.

"Wifi, kaka yako..."

"Wifi wa nani? Mimi sina kaka, dada. Umekosea namba."

Asubuhi alivunja kufuli la stoo, akavibeba vitabu kifuani na kuvirudisha rafuni kimoja baada ya kingine, huku akilia, "Alikuwepo! Alikuwepo, wallahi!", na kadiri alivyopanga ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, hadi mkubwa akaja mbio kwa zile kelele na kumkuta mlangoni mama wa miguu mikavu, aliyemuuliza kwa upole:

"Na mkutubi wa hapa, mzee?"

Mkubwa akaviona vitabu, akaiona aibu inakuja.

"Hajawahi kuwepo," akajibu upesi.

Siku hizi yuko mkutubi mwingine. Kiti cha dirishani hakigusi, lakini kila asubuhi hukikuta kimefutwa. Nilipopita pale nilikiinamia, nikasalimia kama tunavyosalimiana sote: "Upo?"

Sauti ndogo ya mwanamke ikanijibu, "Sijui."