Mtandao wa Chumba cha Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa fundi wa kompyuta. Mdogo wangu alikuwa na hadi saa mbili usiku kutuma fomu ya chuo cha uuguzi. Mwaka uliopita simu ilimgandia kwenye ukurasa wa mwisho, akakosa nafasi. Safari hii nilimwahidi kompyuta, tena mbele ya mama.

Fundi alinionyesha ya mezani. Kwetu umeme unakatika kila mara. Akanionyesha mpya ya kupakata. Bei yake ilinipita kimo. Ikabaki moja kuukuu, nyeusi, herufi zake zimelika. Akasema haitoki dukani kabla hajafuta kila kitu cha mwenyewe wa kwanza. Nisubiri saa nzima.

"Usiifute," nikamwambia. "Nina haraka."

Aliniangalia. "Kaka, mimi huwa nazifuta zote."

"Hii iache."

Nyumbani, modemu niliyoazima kazini ikawaka taa nyekundu, ikagoma. Nikawasha intaneti ya simu. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafa. Nikaipeleka simu dirishani, nikaipandisha juu ya kabati, wapi. Jirani mwenye intaneti ya waya alikuwa amefunga mlango na kusafiri. Mdogo wangu akaniuliza kama nimemletea kompyuta au pasi, maana inachojua ni kupata moto tu.

Sikucheka.

Saa mbili kasoro dakika tisa.

Kwenye orodha ya mitandao ya kompyuta pakatokea mmoja mpya. Mistari yote ya mawimbi imejaa. Jina lake: Chumba cha Nyuma.

Nyumba yetu haina chumba cha nyuma. Nyuma ni ukuta, na baada ya ukuta ni kiwanja kitupu.

Sikugusa kitu. Kompyuta ikajiunga yenyewe, bila kuuliza nywila...

Kisha harufu. Dawa ya kuchua, na shuka zilizolaliwa muda mrefu.

"Kaka," mdogo wangu akanong'ona. "Usizime. Inakwenda."

Ilikwenda kweli. Mikono yake ilikuwa mapajani, lakini fomu ilijijaza... tk... tk... tk... polepole, kama mtu anayepumzika kati ya neno na neno. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha kuzimia. Nikakumbuka mwaka uliopita, alivyolia bafuni, bomba amelifungulia ili tusimsikie.

Nikaondoa kidole.

Fomu imepokelewa.

Asubuhi nilirudi kwa fundi na kompyuta kwapani, nimefura. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema kompyuta ile ilikuwa ya binti aliyeugua akalazwa chumba cha nyuma cha nyumba yao. Alikuwa anajaza fomu ya chuo. Siku ya mwisho hakuifikia.

Nikamuuliza chuo gani.

"Uuguzi," akasema. "Kaka, nilikwambia huwa nazifuta."

Akaifuta palepale, mbele ya macho yangu.

Mdogo wangu amechaguliwa. Mama anaimba jikoni kutwa. Ni mimi tu niliyeona kwamba siku hizi mdogo wangu anashika kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwamba nguo zake, hata zikitoka kwenye kamba, zina harufu ya dawa ya kuchua.

Jana magharibi niliazima simu yake nipige mara moja. Kioo kilipowaka, mistari yote ilikuwa imejaa.

Chumba cha Nyuma.

"Nirudishie," akasema taratibu. Hakuniita kaka.

Kisha akakohoa.